Maji ya Ijumaa

Shangazi yangu hajui kuogelea. Mwanamke aliyelitunza bwawa la shule ya juu tangu mimi nikiwa navaa kaptula, ukimtia kwenye maji yaliyompita kiuno anazama kama shoka. Akiulizwa imekuwaje, hujibu bila kuinua macho, "Kwani daktari wa meno lazima ang'olewe kwanza?" Kisha anaendelea kukata vitunguu vyake.

"Shule ya juu" ndivyo tunavyoiita mtaani kwetu, kwa sababu iko mlimani, na kwa sababu nyingine ambazo hazihusiani na mlima. Historia yake ni fupi. Zamani serikali iliamuru shule zote za umma zipokee watoto wa rangi zote. Wazazi weupe wa kule mlimani wakaisikiliza amri kwa adabu kubwa, wakawatoa watoto wao, wakachanga, wakajenga shule yao. Shule ya binafsi, kila mtu na hiari yake. Hakikuwekwa kibao cha kumkataza mtu, wala hakikuhitajika. Kulikuwa na ada. Kwa aliyeiweza ada kulikuwa na usaili, na kwa aliyeuweza usaili kulikuwa na "tutakujulisha". Mtaani kwetu wapo watu waliozeeka wakisubiri kujulishwa.

Baadaye wizara ikaanza kuuliza maswali kila kibali cha shule kilipotakiwa kuhuishwa. Shule ya juu ikafungua mlango kidogo, kiasi cha kupitisha mkono. Wakaingia watoto weusi wa kuhesabika: wawili watatu wa ufadhili, mtoto wa daktari wa macho ambaye baba yake alilipa ada kamili, na watoto wa wafanyakazi wa siku nyingi. Katika hao wa mwisho akawemo binti ya Shangazi.

Tunamwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi. Hata usingizini anasimulia. Shangazi alimzaa wakati wenzake wanapata wajukuu, na baba mtu aliondoka kwenda kutafuta kazi, mpaka leo anaitafuta. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: Shangazi, Chiriku, na mimi mtoto wa kaka yake, ambaye Shangazi ananiita Nusu kwa sababu diploma yangu iliishia katikati, kama daraja la serikali.

Majirani walimkalia Shangazi kikao. Shule ya umma iko hapo bondeni, mtoto anakwenda kwa miguu, anasoma na wenzake, sasa mlimani kuna nini? Shangazi alikuwa ameshaiona hiyo shule ya bondeni. Darasa limejaa hadi dirishani. Mwalimu anaandika ubaoni, wa mbele wanaona, wa katikati wanakisia, wa nyuma wanaandika walichokisia wa katikati.

"Lakini unampeleka mtoto kwa watu wasiomtaka," mmoja wao akasema.

"Simpeleki akapendwe," Shangazi akajibu. "Nampeleka akasome."

Hapo kikao kikavunjika, maana hakuna aliyekuwa na shule ya tatu ya kupendekeza.

Kazi ya Shangazi ilikuwa hivi. Asubuhi anaopoa majani kwa wavu wenye mpini mrefu. Anasugua vigae pale maji yanapoishia, panapoganda mafuta ya miili ya watu. Anapima dawa, anatia klorini, anaisikiliza pampu. Halafu kila Ijumaa jioni, watoto wakishatoka, anaingia chumba cha pampu na kufungua koki kubwa. Bwawa zima linamwagika kupitia bomba linalopita chini ya ukuta wa shule na kutokea mtaroni, huku kwetu bondeni. Jumamosi anashuka na buti za mpira kusugua bwawa tupu, kisha analijaza upya. Jumatatu asubuhi maji ni ya buluu kama yametoka dukani.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Alipoanza kazi, maji yalibadilishwa shule zikifungwa tu. Amri ya Ijumaa ilikuja baadaye, kwa mdomo, kutoka kwa Msimamizi wa majengo, mtu mweusi kama sisi, anayevaa tai hata siku ya kufagia bohari. "Mama Maji," alisema, "kuanzia sasa kila Ijumaa tunamwaga. Mambo ya afya." Shangazi akaitikia. Alidhani ni fahari ya matajiri. Siku hiyo alikuja nyumbani akicheka: "Wenzetu hata maji yao yana mapumziko ya mwisho wa wiki."

Amri hiyo ilikuja mwaka uleule watoto weusi walipopokelewa. Shangazi alikuwa na mambo hayo mawili, moja mkono huu, jingine mkono ule, na hakuwahi kuyakutanisha. Simlaumu. Anayekula mkate wa mtu hakagui tanuri.

Chiriku alipoanza, akapangwa kuogelea Ijumaa, kipindi cha mwisho, Kundi la Pili. Kundi la Kwanza waliogelea Jumatatu hadi Alhamisi. Shangazi aliambiwa Kundi la Pili ni la wanaojifunza, akaona sawa, Chiriku alikuwa hajawahi kuona maji mengi kuliko ya beseni. Lakini mtoto wa daktari naye alikuwa Kundi la Pili, na yule anaogelea kama kambare. Na kule Kundi la Kwanza kulikuwa na mtoto mmoja mweupe aliyeingia majini kwa kukumbatia ukuta, akimlilia mama yake. Shangazi aliwaona wote wawili kwa macho yake. Akaendelea kuopoa majani.

Ijumaa moja, mwanzoni mwa muhula, Chiriku alikuja chumba cha pampu amejifunga taulo, anadondosha maji sakafuni.

"Mama, kumbe wewe ndiye unayeyamwaga?"

"Nayamwaga nini?"

"Maji yetu."

"Maji ni ya shule. Futa nywele, utapata mafua."

"Mwenzangu wa dawati amesema Jumatatu wao wanapata maji mapya. Alimuuliza mama yake kwa nini, mama yake akasema ni kwa sababu sisi tunakuwa tumeshaoga humo." Chiriku akajikuna sikio. "Lakini mimi nilikuwa nimeshaoga nyumbani, mama. Si uliniogesha mwenyewe asubuhi? Ulinisugua mpaka nikalia."

Shangazi akashika ncha ya taulo, akaanza kumfuta nywele. Mlangoni akatokea Msimamizi, akagonga saa yake kwa kidole. "Mama Maji, jioni hiyo."

Akaifungua koki. Nalisema wazi kwa sababu mwenyewe hulisema wazi: aliifungua, mtoto akiwa amesimama palepale. Bomba likanguruma. Chiriku akayatazama maji yakishuka kigae kwa kigae, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akatoka mahali bila kusema neno.

Wiki hiyo nyumba ilikuwa kama ina mgonjwa. Chiriku alikula, akafanya hesabu zake, akalala. Nilimtania, hakunijibu. Nikamuuliza Shangazi mtoto ana nini, akaniambia nikachote maji, na maji yalikuwa yamejaa ndoo zote.

Ijumaa iliyofuata Shangazi aliingia chumba cha pampu, akashika koki. Msimamizi alikuwa nje, kama kawaida yake. Alikuwa na tabia ya kusimama hadi asikie bomba likinguruma, kisha anakwenda zake. Shangazi akafungua. Bomba likanguruma. Akahesabu hatua za viatu vya Msimamizi mpaka zikapotea. Akaifunga.

Jumamosi alikwenda kazini vilevile. Akasugua vigae vya juu, akaendesha pampu kutwa nzima, akapima dawa mara mbili, akalowesha buti na kuziacha mlangoni zikidondoka, akalaza mpira wa maji uwanjani kama nyoka aliyeshiba. Ukipita unaona mtu aliyefanya kazi ya siku nzima.

Jumapili alikuwa anapiga pasi sare ya Chiriku. Akaniita.

"Nusu, sijamwaga."

"Hujamwaga nini?"

Akanieleza. Aliongea taratibu, pasi inakwenda na kurudi mahali pamoja mpaka nikasikia kitambaa kinataka kuungua.

"Na wakigundua?" nikamuuliza.

"Nikitoka mimi, na yeye anatoka. Nafasi yake ni ya mtoto wa mfanyakazi. Najua."

"Sasa?"

"Sasa maji nimeshayavulia nguo, sharti niyaoge."

"Shangazi, wewe hujui kuogelea."

"Ndiyo maana naogopa," akasema, akainua pasi.

Jumatatu alisimama kandokando ya bwawa na wavu wake, bila jani hata moja la kuopoa. Kundi la Kwanza wakajitupa ndani. Kila mtoto aliyekohoa, Shangazi aligeuka. Mmoja akatoka akipikicha macho. Shangazi akashika mpini wa wavu mpaka viganja vikamuuma. Mtoto akapiga chafya, akarudi majini. Mama mmoja mweupe, wa wale wanaokuja kuwatazama watoto wao, akavuta pumzi ndefu na kumwambia, "Napenda Jumatatu, mama. Maji mapya unayajua hata kwa harufu."

"Kweli kabisa," Shangazi akajibu. "Pua haidanganyi."

Ikapita wiki, ikaja nyingine. Ijumaa bomba linanguruma kidogo, Jumatatu wanaruka. Hakuna aliyebadilika rangi, si huku wala kule. Chiriku akaanza tena kusema, mwanzo kidogo, kisha yote kwa mkupuo, kama koki ile. Lakini Shangazi alikonda. Kila aliposikia viatu vya Msimamizi aliacha alichokuwa akifanya. Chakula alikipakua, akakitazama, akatugawia sisi. Katika hesabu zake zote alikuwa amemsahau mtu mmoja, na mtu huyo akabisha hodi Jumapili mchana, mikono mifukoni.

Alikuwa Povu. Povu anaosha magari bondeni, pale bomba la shule linapotokea mtaroni. Alichimba shimo, akalitandika nailoni, na miaka yote hiyo Ijumaa ilimjazia shimo bure. Jumamosi watu wa mlimani wanashusha magari, yeye anayang'arisha. Biashara nzima ilisimama juu ya koki ya Shangazi, naye Shangazi hakuwahi kuyafikiria maji baada ya kupita ukutani.

"Hodi wenyewe! Mama Maji yupo? Nimekuja kushtaki."

"Unamshtaki nani?"

"Wewe hapo. Mtaro wangu umekufa, na marehemu nilimzoea."

"Bomba limeziba," Shangazi akasema, kisu kinakwenda kwenye kitunguu.

"Si ungesema! Nina waya mrefu, nazibua mwenyewe. Na Msimamizi wenu ni mteja wangu. Akileta gari namwambia tu, mzee, niruhusu nipande nikazibue bomba lenu, maji hayafiki."

Kisu kikasimama. Nikamtazama Shangazi, naye akanitazama, na sote tukamtazama Povu, aliyekuwa anatabasamu kama mtu aliyeleta msaada.

"Kaa chini, mwanangu," Shangazi akasema.

Akamweleza. Povu alianza kwa kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikamwisha ghafla, uso ukabaki na mdomo wazi.

"Ngoja kwanza. Kwa hiyo miaka yote hii mimi nawaoshea magari yao kwa maji waliyoyakimbia?"

"Ndiyo."

"Na wanapitisha kidole kwenye boneti, wananiambia, kijana, limetakata!"

"Povu, nisikilize. Hili neno likipanda mlimani, mtoto wangu hana shule."

"Mama, mdomo wangu ni kaburi."

Mimi kaburi hilo nalijua. Lina mlango, na nje wameweka benchi.

Basi ikaja Jumamosi ya mashindano ya kuogelea. Wazazi wote wanakaribishwa, safari hii na mgeni wa wizara, yule anayeshughulikia vibali. Siku ya kuamkia, Ijumaa, Msimamizi alikuja chumba cha pampu mwenyewe, akaingia ndani, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mama, kesho wageni wakubwa. Leo mwaga mapema, jaza mapema. Maji yawe mapya kabisa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Safari hii aliogopa kweli. Aliniambia alishika koki akasema moyoni, basi, mara hii moja tu, niipishe siku ya wageni. Akafungua. Bomba likanguruma, Msimamizi akaondoka, na maji yakaendelea kushuka. Kigae cha kwanza kikaonekana.

Chiriku akapita mlangoni na begi lake, Kundi la Pili wamemaliza.

"Mama, kesho uje mapema, tumefundishwa."

"Mmefundishwa nini? Mtashindana?"

"Hapana, wanashindana Kundi la Kwanza. Sisi tumefundishwa kupiga makofi." Akamwonyesha, pa-pa-pa, pa-pa-pa, mikono juu. "Tutakaa benchi la pembeni."

Shangazi akafunga koki. Akarudishia kigae kile maji yake.

Asubuhi ya Jumamosi Msimamizi alishusha gari kwa Povu ling'arishwe kabla ya wageni. Povu hana maji. Alikuwa amesimama na kitambaa kikavu begani. Msimamizi akauinamia mtaro. Maji kidogo yaliyoshuka jana ardhi ilikuwa imeshayanywa; chini kulikuwa na vumbi, nyufa, na kuku mmoja anapekua.

"Jana hayakuja maji hapa?"

Sasa Povu, tumpe haki yake, hakusaliti. Alisimama imara akadanganya kwa nguvu zake zote.

"Yamekuja, mzee! Mengi mno! Nimeyatumia yote."

"Na huyo kuku?"

Povu akamtazama kuku. "Huyo anapenda kuogelea."

Msimamizi akarukia gari lake lenye vumbi, akapanda mlima.

Mimi nilikuwa nimeshafika, nimekaa viti vya nyuma pamoja na ndugu za watoto wa ufadhili. Mbele walikaa wazazi weupe, kofia na miwani ya jua, na kati yao daktari wa macho peke yake na mkewe. Mgeni wa wizara alikaa karibu na Mkuu wa shule, mama mweupe mwenye sauti laini, sauti ya mtu ambaye hajawahi kulazimika kurudia jambo. Kundi la Kwanza walikuwa wamepanga mstari ukingoni, vidole vya miguu vimening'inia juu ya maji. Benchi la pembeni, Chiriku na wenzake, mikono tayari. Nikamwona Msimamizi akipita mbio kuelekea chumba cha pampu, tai imeruka begani.

Yaliyosemwa humo nayajua kutoka kwa Shangazi, na Msimamizi hajawahi kuyakana.

"Maji haya ni ya lini?"

"Maji ni maji, Msimamizi."

"Nakuuliza ni ya lini!"

"Ya mwanzo wa muhula."

Msimamizi akaegemea pampu. "Unajua ulichofanya wewe mama? Unajua?"

"Sijui. Niambie."

"Wale watoto wanaingia sasa hivi!"

"Wameingia wiki zote hizi. Angalia walivyonawiri."

"Naenda kusimamisha. Naahirisha mashindano."

"Ahirisha. Kipaza sauti kile pale mezani. Ila utawaambia maji yana nini?" Msimamizi akakitazama kipaza sauti kupitia mlangoni. "Utasema ni machafu? Dawa imepimwa asubuhi hii, mwalimu wa michezo ameona. Utasema ni ya Ijumaa? Daktari yule pale mbele atauliza Ijumaa kuna nini. Na mgeni wa wizara ana masikio mawili."

"Mama, utanifukuzisha kazi."

"Mwanao jana aliogelea wapi?"

"Usimtaje mwanangu."

"Simtaji. Nauliza tu. Alipotoka majini, aliacha nini cha kumwagwa?"

Maana mtoto wa Msimamizi naye alikuwa Kundi la Pili. Kila Ijumaa baba mtu alisimama nje akisubiri bomba lingurume.

Nilimwona akitoka. Alitembea ukingoni mwa bwawa kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Mwalimu wa michezo alikuwa tayari na filimbi mdomoni. Msimamizi akachukua kipaza sauti. Kikapiga mlio, wageni wakaziba masikio, kisha kukawa kimya hata pampu ikasikika. Mkuu akageuka polepole. Mlangoni mwa chumba cha pampu Shangazi amesimama, wavu wima mkononi kama askari wa zamani na mkuki wake. 

"Wageni waheshimiwa," Msimamizi akasema. Akaishusha tai iliyokuwa begani.

"Wazazi." Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Daktari akavua miwani. Macho ya Msimamizi yakazunguka yakafika benchi la pembeni, na pale mwanawe akampungia mkono, kafurahi kumwona baba ameshika kipaza sauti mbele ya watu wote.

"Kuna... kuna gari," Msimamizi akasema. "Kuna gari limeziba lango. Mwenye nalo tafadhali aliondoe."

Wazazi wakatazamana. Hakuna aliyeinuka. Akaweka kipaza sauti mezani, akaketi kwenye kiti kisicho chake. Filimbi ikalia. Watoto wakaruka wote kwa pamoja, maji yakapanda, na benchi la pembeni likaanza: pa-pa-pa, pa-pa-pa. Gari baadaye tulilikuta. Lilikuwa lake mwenyewe, mlango wazi, vumbi tele.

Jumatatu Shangazi akaitwa kwa Mkuu. Msimamizi yupo, amesimama karibu na kabati. Shangazi alikuwa amevaa nguo ya kanisani, na asubuhi alikuwa amemwambia Chiriku abebe madaftari yake yote, asiache hata moja chini ya dawati.

"Nimesikitika," Mkuu akaanza. "Umevunja utaratibu wetu."

"Utaratibu upi, Mkuu?"

"Unaujua."

"Najua nilioambiwa. Niliambiwa afya. Maji yamepimwa kila siku, yana afya. Kama kuna utaratibu mwingine, nakuomba uniambie mwenyewe, ili binti yangu akiniuliza nimjibu. Na wazazi wengine wakiniuliza, nao niwajibu."

Mkuu akatazama kalamu zake. "Msimamizi, mweleze."

Msimamizi akalegeza tai. Shangazi anasema hapo neno moja tu lilitosha kumtoa, yeye na mtoto wake.

"Mimi, Mkuu," Msimamizi akasema, "nilichoambiwa ni afya. Sikuambiwa kingine. Kama kipo, nami ningependa kukisikia."

Neno lile lisilosemwa likabaki pale mezani kama maiti isiyo na ndugu. Kila mtu anaijua ni ya nani, hakuna anayejitokeza kuichukua. Mkuu alingoja. Wao wawili wakangoja. Mwishowe Mkuu akasema, kwa sauti ileile laini, kwamba kazi ya bwawa ni nzito kwa mtu wa umri wa Shangazi, na kwamba atapumzishwa, atahamishiwa kufulia. Ya mtoto hakuyagusa. Kumfukuza mtu kunataka sababu, na sababu ilikuwa moja tu.

Chiriku akarudi darasani na madaftari yake yote.

Sitaki mtu adhani tulipiga vigelegele. Kundi la Pili bado lipo, na bado linaogelea Ijumaa, kipindi cha mwisho. Bwawani ameletwa kijana mpya, mpole, hatujui ameambiwa nini. Wa kumwambia ni Msimamizi, na Msimamizi siku hizi akikutana na Shangazi anamsalimia kwanza, kisha anakumbuka shughuli mahali pengine. Kuuliza hakuwezekani. Shuleni lile neno halitamkwi, si kwa kuamrishwa wala kwa kukatazwa. Huko kufulia, nasikia, kuna vikapu viwili vya mataulo. Sijauliza na sitauliza. Nalala kwenye nyumba ya mwanamke huyu.

Lakini kila Jumamosi asubuhi Shangazi huchukua kikapu chake cha sokoni na kupita njia ndefu, ya mtaroni. Jumamosi iliyopita nilikwenda naye. Povu alikuwa amekaa juu ya ndoo, amenuna, anasubiri kijana wa mkokoteni amletee madumu.

"Kavu, Mama. Usinitazame hivyo. Haki yenu hii itaniua kwa njaa."

Shangazi hakumjibu. Alikuwa amesimama ghafla. Chini ya mtaro, karibu na mdomo wa bomba, palikuwa na doa jeusi, udongo umelowa.

"Povu, nini kile?"

"Kipi?"

Hakungoja. Akanipa kikapu, akashika sketi, akashuka mtaroni kwa makalio, mtu mzima yule, kokoto zikimtangulia. Akapiga magoti. Akachovya vidole kwenye lile tope, akavileta puani, akafumba macho. Mimi na Povu hatukusogea. Klorini anaijua kama anavyojua harufu ya mtoto wake.

Akanusa mara ya pili.

"Sabuni," akasema.

"Si nilimwaga ndoo pale!" Povu akapiga kelele. "Mama, ungeniuliza mimi ningekwambia!"

Shangazi akanyoosha mkono nimvute juu. 

"Wewe," akamwambia Povu, akijikung'uta magoti, "uliwahi kusema hata kuku anaogelea."